Anga la Kikwe, masika ya 2019

Jumatatu, 4 Machi

Tumeanza. Saa 3 kamili asubuhi nimemtumia binamu utabiri wangu, na wake ukaingia dakika hiyohiyo kutoka Uingereza, kama tulivyokubaliana: hakuna kusubiri kuona cha mwenzako. Ni mambo matatu tu kila siku. Wingu la kwanza litatunga saa ngapi, tumbo la mawingu litakuwa juu kiasi gani saa 8 mchana, na siku itafungwa saa ngapi, iwe kwa mvua, kwa upepo au kwa jua kuchoka. Aliyekaribia zaidi anachukua pointi 1,000, mwenzake anapungukiwa kwa kadiri alivyokuwa mbali, kama wanavyogawa kwenye mashindano yenyewe ya glaida, ndege zisizo na injini. Yeye ana ramani za kompyuta za dunia nzima. Mimi nina Mlima Meru upande wa kaskazini, darubini, na vipimo vya hali ya hewa vya uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA.

Kila asubuhi napanga pia kazi ya siku, kana kwamba glaida zimepangwa mstari kwenye nyasi zinangoja kuvutwa. Ya leo: Kikwe hadi Mlima Lolkisale, Lolkisale hadi Mirerani, kisha nyumbani. Karibu kilomita 140. Glaida ya mashindano inashuka mita 1 kwa kila mita 40 inazokwenda, kwa hiyo ukianza mita 2,000 juu ya ardhi na usipate hewa ya kukupandisha njiani, safari inaishia kilomita ya 80, kwenye nyika ya Simanjiro, na wenzako wanaanza kukutafuta na trela. Mirerani ni kona nzuri ya kugeukia. Ukuta uliozungushiwa machimbo ya tanzanite mwaka jana una kilomita 24.5, hakuna rubani wa kusema hakuuona.

Agosti tutakuwa kwenye mashindano ya kanda kule kwake, yeye kwenye kiti, mimi chini na trela na mawingu. Nataka tufike tukiwa tumeshapimana.

Jumatano, 6 Machi

Anga tupu, buluu kuanzia asubuhi hadi jioni. Saa 8 KIA walikuwa na joto la nyuzi 33, na umande ungetunga kwenye nyuzi 13. Hesabu ya marubani: toa ya pili kwenye ya kwanza, zidisha kwa 125, unapata mita za tumbo la wingu juu ya ardhi. Tofauti ni 20, kwa hiyo mita 2,500. Lakini wingu lenyewe halikutunga hata moja. Kuna hewa vuguvugu imelala juu yetu, na hewa inayopanda kutoka ardhini ikifika hapo inaishiwa nguvu. Nakisia mita 1,500, maana tai mmoja alizunguka mpaka usawa huo, akaacha kuzunguka, akateleza kuelekea Mbuguni.

Anayedhani jua kali ndilo linaloleta siku ya glaida hajaruka siku kama ya leo. Mipando ya hewa ni myembamba, mikali, imeachana, na juu hakuna alama. Cha kusoma ni vumbi peke yake. Saa 7 na nusu kisulisuli kilianzia kwenye shamba lililolimwa upande wa pili wa barabara. Kilizoa maganda ya mahindi ya mwaka jana, manyoya ya kuku na mfuko wa mbolea uliochanika. Niliushika mfuko kwenye darubini. Ulipanda ukizunguka, ukionyesha upande mweupe halafu upande wa maandishi, mweupe, maandishi, mpaka maandishi yakapotea ikabaki nukta inayometa na kuzimika. Nilipoupoteza ulikuwa bado unapanda. Rubani akikutana na kitu hicho akiwa juu anapewa mita 4 au 5 kwa kila sekunde. Akikifuata akiwa chini, kinamwangusha.

Mzee jirani alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba lake akitazama kitu kilekile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeona? Udongo umekauka mpaka unaondoka wenyewe."

Ameshalima. Mbegu ziko ndani, kwenye ndoo yenye mfuniko.

Pointi za leo kwangu. Binamu aliweka mawingu saa 6.

Jumamosi, 9 Machi

Nimempeleka mama sokoni Tengeru. Wakati wa kurudi nikasimamisha gari kabla ya Usa River, na mama, ambaye ananijua, hakuuliza kitu.

Makorongo weupe wa Ulaya, zaidi ya hamsini, wanaondoka. Walikuwa wametawanyika juu ya mashamba wakipiga mbawa kizito, na korongo akipiga mbawa ujue hajapata kitu. Kisha mmoja akainamisha bawa la kushoto na kuanza kuzunguka. Wenzake hawakumfuata mara moja. Walingoja mpaka waone anapanda kweli, ndipo wakaja kutoka kila upande, wakaingia kwenye duara lilelile na wote wakizunguka upande mmoja. Ndivyo zinavyofanya glaida kwenye mashindano: hakuna anayeamini mpando mpaka auone ukimwinua mwenzake, na aliyeingia wa kwanza ndiye anayeuweka upande wa kuzunguka, wote waliobaki wanaufuata.

Walipofika juu walinyoosha shingo kuelekea kaskazini, kwenye uwazi kati ya Meru na Kilimanjaro. Watapita bonde la Nile, Sinai, mashariki ya Mediterania. Baharini hawakatizi kwa sababu juu ya maji hakuna hewa ya kuwapandisha.

Nilichokiangalia zaidi ni wakati wa kuondoka kwenye duara. Hawakungoja kufika kileleni kabisa mwa mpando. Ulipoanza kudhoofu waliuacha. Paul MacCready, Mmarekani aliyechukua ubingwa wa dunia wa glaida mwaka 1956 pale Saint-Yan, Ufaransa, aliiwekea jambo hili hesabu: kadiri mpando unaoutarajia mbele ulivyo mkali, ndivyo unavyopaswa kwenda kasi kuufikia, na ndivyo usivyopaswa kupoteza muda kwenye mpando dhaifu ulio nao. Kila rubani wa mashindano anaruka kwa hesabu hiyo. Binamu anaijua kwa kichwa, lakini nimemwona kwenye mashindano aking'ang'ania mpando wa nusu mita kwa sekunde kwa woga wa kutua shambani. Leo usiku nimemwandikia kuhusu makorongo.

Jumanne, 12 Machi

Leo jua limepita juu ya utosi wetu. Nilisimamisha fimbo uani, nikainyoosha kwa timazi, na saa 6 na dakika 42 mchana kivuli chake kilikuwa kimeingia chote chini yake. Jua halitakuwa kali zaidi ya hapa mwaka huu mpaka litakaporudi kusini. Unyevu hakuna.

Jumamosi, 16 Machi

Redio imekuwa ikizungumzia Beira tangu jana. Kimbunga Idai kilitua huko usiku wa Alhamisi, na habari zinazotoka zinaumiza kusikiliza. Mji umekatika, barabara zimezama, na maji yanazidi kupanda ndani ya nchi, Msumbiji, Malawi na Zimbabwe.

Tangu mwanzoni mwa wiki binamu amekuwa akiandika jambo lilelile: unyevu wote unavutwa kusini kwenye kimbunga, kwetu kutabaki kukavu. Ramani zake ziko sahihi. Upepo ambao ungekuwa umeshaanza kugeuka utuletee hewa ya Bahari ya Hindi umegeuzwa uelekeo, na hapa bado tunapata kaskazi, kavu, vumbi hadi kwenye chumvi ya mezani. Wiki nzima amechukua pointi zote.

Mzee amefungua ndoo akaangalia mbegu, akaifunga.

Alhamisi, 21 Machi

Mawingu. Madogo, yamechelewa hadi saa 9, yakayeyuka kabla ya saa 11. Lakini yametunga.

Jumatano, 27 Machi

Naandika kwa kirefu kwa sababu siku kama hii ndiyo inayoamua mashindano.

Saa 1 asubuhi Meru ulikuwa wazi wote, mpaka kilele, mita 4,566, na ukingo wa juu ulionekana kama umechongwa kwa kisu. Umande kwenye majani, mara ya kwanza mwezi huu. Upepo kutoka kusini mashariki, mwepesi. KIA saa 3: nyuzi 24, umande 18. Nikaandika: wingu la kwanza saa 4 na nusu, tumbo la mawingu saa 8 mita 1,400, siku inafungwa saa 9 kwa mvua upande wa Meru, lakini kusini mwa barabara kuu inaendelea hadi saa 11. Binamu aliandika mvua kila mahali saa 8. Nikaigeuza kazi ya siku: Mirerani kwanza, Lolkisale baadaye, ili warukaji wawe kusini wakati mlima unaharibika.

Saa 4 na dakika 20 wingu la kwanza, juu ya Usa River. Saa 5 yalikuwa yamejipanga mstari toka upande wa KIA hadi juu ya jiji la Arusha, kila moja na tumbo bapa na jeusi kidogo. Hapo ndipo hewa ya nyanda inapokutana na hewa inayopanda kwenye miteremko ya mlima, na kwa muda wa saa moja na nusu mtu angeweza kuruka chini ya mstari ule bila kuzunguka hata mara moja. Korongo wakubwa wa dampo la Muriet, wale wenye mfuko shingoni, walikuwa wameshaupata. Niliwaona wakija kutoka mjini wamekunjua mbawa, hawapigi, wanakuja tu.

Saa 6 na nusu mawingu yaliyo karibu na mlima yalianza kurefuka kwenda juu kuliko upana wake. Hiyo ni dalili ya kwanza. Ya pili ni kingo: wingu linalokua lina kingo kali, linaloelekea kunyesha kingo zake za juu zinalainika na kuwa kama nyuzi. Saa 7 kivuli kilifunika Tengeru na Usa River yote, na ardhi iliyo kivulini haitoi tena hewa ya kupanda. Aliyechelewa kuanza, aliyekaa nyuma ya mstari wa kuanzia akingoja mawingu yazidi kuwa mazuri, angekuwa amefungiwa hapo. Kwenye mashindano nimeona watu wakipoteza wiki nzima kwa kungoja namna hiyo dakika ishirini.

Saa 8 na robo radi ya kwanza kwenye Meru. Saa 8 na dakika 40 upepo wa baridi ukashuka ghafla kutoka kaskazini, ukapiga milango, ukapita Kikwe na kwenda zake kusini. Upepo huo ni hewa iliyopozwa na mvua, inashuka na kukimbia chini kama maji yaliyomwagwa sakafuni. Kwa glaida iliyo chini inatafuta pa kutua ni hatari kubwa, kwa kuwa upepo wa uwanjani unageuka nyuma yako ukiwa umeshajipanga. Lakini mbele ya ukingo wake inanyanyua hewa ya joto iliyokuwepo. Nilipanda juu ya tangi la maji kuutazama ukienda, na kweli, kilomita kadhaa kusini, mstari mpya wa mawingu ukatunga juu ya Maroroni ndani ya nusu saa, na chini yake furukombe mmoja akizunguka, mbali na mto wake.

Kikwe tulipata matone ya kuhesabika. Kusini kulibaki wazi hadi saa 11 kasorobo. Rubani aliyegeuka Mirerani kabla ya saa 7 angefika Lolkisale na kurudi.

Binamu ameandika neno moja: "Umenipiga." Ramani yake inaona Mlima Meru kama uvimbe mpana; haioni kwamba mvua ya mlima na jua la Kikwe vinaweza kuwa siku moja, umbali wa mwendo wa baiskeli.

Jumatano, 3 Aprili

Kavu tena. Nimesoma jioni kuhusu Colin Pennycuick, ambaye napenda kila mtoto wa shule wa Arusha amjue. Alikuwa mwanazuoni wa wanyama kutoka Bristol, akafundisha Nairobi kuanzia 1968, halafu akawa kwenye kituo cha utafiti cha Serengeti hadi 1973. Alikuwa na glaida yenye injini ndogo, Schleicher ASK 14, kiti kimoja. Akishapanda, anazima injini na kuingia kwenye duara pamoja na tumbusi, makorongo na wari, anazunguka nao, akipima wanavyopanda na wanavyoteleza. Tumbusi wanaozaa kwenye majabali ya milima ya Gol aliwaona wakienda kula zaidi ya kilomita 100 kutoka kwenye viota vyao, wakiwafuata nyumbu, na kurudi kulisha kinda. Simba wenye watoto hawawezi safari hiyo. Sayansi ya ndege wanaopaa bila kupiga mbawa imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya anga letu, kutoka kwenye kiti cha glaida.

Wengine waliwajua tumbusi kwa njia mbaya. Mtafiti wa wanyama Michael Grzimek alikufa Serengeti tarehe 10 Januari 1959, ndege yake ilipogongana na tumbusi. Mwaka 1973 ndege ya abiria iligonga tumbusi wa Rüppell juu ya Abidjan, kwenye kimo cha zaidi ya mita 11,000, karibu mara mbili ya Kilimanjaro.

Ni jamii hiyohiyo ya tumbusi wa milima ya Gol. Tangu 2015 imewekwa kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka, na sumu inayotegwa kwenye mizoga ni sababu kubwa. Nilipokuwa mdogo sikuhitaji darubini kumpata tumbusi juu ya Kikwe. Tangu tuanze nimeona wachache mno, na kila mmoja nilimwandika. Tukija kuruka hapa siku moja, tutakuta anga limepungukiwa na walimu.

Jumamosi, 13 Aprili

Mzee alikuja jioni kukopa jembe, akakaa. Nikamwonyesha daftari. Alipitisha kidole kwenye safu ya saa za wingu la kwanza, polepole, akasimama kwenye Machi 27.

"Hii siku nilikaribia kupanda," akasema. "Umande ule wa asubuhi. Nikasema, ngoja."

"Kwa nini ulingoja?"

"Upepo ulikuja mara moja ukaondoka. Mvua ya masika inakuja na upepo unaokaa."

Tulizungumza hadi giza. Nilikuwa na wasiwasi moyoni kwamba siku zangu nzuri ni siku zake mbaya, kwamba kila mara ninaposhangilia anga yeye anapoteza mche. Sivyo ilivyo. Siku za buluu, za Machi 6 na wiki ya Idai, hazikumfaa yeye wala mimi. Wote wawili tunaomba unyevu urudi. Glaida inaushukuru unapokuwa kiasi cha kutengeneza wingu lenye tumbo bapa, shamba linaushukuru unapozidi hapo, na kati ya hizo mbili kuna siku chache za kubadilikabadilika ambazo zinatufaa wote. Hizo ndizo nataka kuzijua kabla hazijafika. Nimeongeza safu kwenye daftari: upepo wa saa 12 jioni, kama umekaa au umeondoka. Hiyo ni ya mzee. Hakuna kitabu cha glaida nilichosoma chenye kipimo hicho.

Jumatatu, 22 Aprili

Jumatatu ya Pasaka. Nimekwenda kutazama tena eneo la nyasi upande wa kusini, ambalo natamani siku moja liwe uwanja wa glaida, nikalipima kwa hatua. Ni refu la kutosha kwa winchi, yaani mashine ya kuvuta glaida kwa waya. Tatizo haliko chini. Uwanja wa KIA, mita 894 juu ya bahari, uko mashariki yetu na njia yake ya kurukia imelala mashariki–magharibi, kwa hiyo madege makubwa yanayotokea magharibi yanakuja na kushuka upande wetu. Hakuna glaida itakayopanda hapa bila makubaliano na waongoza ndege na idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga: saa gani, kimo gani, upande gani, redio gani. Sehemu nyingine duniani hilo linapangwa kila siku. Mimi ilibidi nivuke Namanga nikajifunze Mweiga, karibu na Nyeri, kati ya Mlima Kenya na Aberdare, ambako wana klabu ya glaida. Sitaki mpwa wangu naye avuke mpaka kwenda kujifunza kitu ambacho anga la nyumbani kwao linakitoa bure.

Nimeanza kuandika ombi. Kurasa za hali ya hewa zitatoka kwenye daftari hili.

Alhamisi, 25 Aprili

Kimbunga kingine, Kenneth. Jana Komoro, leo kinaelekea Cabo Delgado, na watu wa Mtwara wametakiwa wahame sehemu za mabondeni. Wiki sita baada ya Idai. Tumesimamisha mashindano yetu kwa leo. Nimempigia simu shangazi aliyeko Mtwara; wamehamia kwa jamaa, wako salama, mvua inaanza.

Jumapili, 28 Aprili

Imenyesha usiku mzima na bado. Upepo wa jana saa 12 jioni, kusini mashariki, ulikaa. Nilimwambia mzee kwa simu saa 1 usiku, naye akacheka, alikuwa ameshaloweka mbegu.

Kazi ya leo imefutwa. Tumbo la mawingu liko chini ya miti ya Usa River. Mzee, wanawe na wake zao wako shambani na magunia ya nailoni mabegani, mistari miwili imeshakwisha, mahindi na maharage pamoja.

Hesabu na binamu tumefunga. Yeye yuko mbele kwa jumla, kwa sababu ya wiki ya Idai. Mimi niko mbele kwenye siku zote zenye mawingu, na Uingereza Agosti karibu kila siku ina mawingu. Nimemtumia masharti yangu: asubuhi ya kila siku ataniletea ramani, mimi nitatazama anga, na saa ya kuvuka mstari wa kuanzia nitaisema mimi. Amekubali. Ameuliza kama nimeshakata tiketi, nami nimemuuliza kama ameshabadilisha tairi za trela.